Kilichobaki Mfukoni

Juzi kijana mmoja wa hapa Ngara mjini alinisimamisha barabarani, akanipa shikamoo ya haraka, kisha akanionyesha kwenye simu yake bango la pambano la ngumi. Picha mbili za vijana waliokunja nyuso, na maneno mekundu chini yake. Akaniuliza kama pambano hilo limepangika vizuri. Nikamwuliza wanalipwaje. Akasema hajui, ila anajua uzito wao, urefu wao, na nani aliwahi kumpiga nani. Nikamwambia basi hujui kitu, kaulize malipo halafu urudi. Aliondoka akidhani nimezeeka vibaya.

Sijazeeka vibaya. Nimezeeka vizuri sana, na ninawaandikia ninyi mnaotamani kazi hii ya kupanga mapambano ya ngumi za kulipwa ili nanyi mzeeke hivyo hivyo. Niliianza Mwanza, nikaja kuifanya huku Ngara na Biharamulo miaka ile ya wakimbizi, na sasa nimestaafu, napalilia migomba yangu Kirushya. Usiku nalala fofofo. Usingizi huu mnaouona ilibaki kidogo niukose maisha yangu yote, na sababu ni neno moja tu nililolizoea kuliko ilivyotakiwa.

Aliyenifundisha neno hilo ni Mzee Kasim wa Mwanza, fundi viatu aliyesimamia mabondia wetu na kushona glovu zetu kwa uzi ule ule wa kushonea soli. Malipo yote ya pambano, kabla hayajagawanywa, yeye aliyaita mfuko. Alikuwa hatuachi tuulize uzito wa bondia kwanza. Alitaka tuulize mtu huyu akishinda anarudi nyumbani na nini, na akishindwa anarudi na nini. Alisema pengo la hapo katikati ndilo mpinzani wa pili, na huyo haonekani ulingoni, hachoki, wala refa hawezi kumwonya.

Sikumwelewa mpaka siku ya Hamza. Hamza alikuwa mbeba samaki pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha, mcheshi, mwepesi wa miguu. Alipangiwa pambano la mshindi kuchukua mfuko wote. Kufika katikati alikuwa ameshapigwa, kila mtu analiona hilo, hata yeye. Mzee Kasim akarusha taulo ulingoni kusimamisha. Hamza akalidaka kabla refa hajaliona, akalisukumia nyuma kwa mguu, akaendelea kupigwa. Jicho lake la kulia halikurudi kuona tena. Watu walimwita shujaa, wakanywa kwa jina lake. Hamza hakuwa shujaa. Alikuwa na kodi ya nyumba, na mgao ule ulimwambia kwamba akikubali kushindwa hatapata hata nauli. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ndoo ya maji kwenye kona yake. Nililia pale pale mbele ya watu, na sikuona haya.

Nilikuja huku na picha hiyo kichwani. Ninyi hamwezi kujua Ngara ilikuwaje miaka ile. Barabara ya Rusumo malori yalipita usiku na mchana, magari meupe ya mashirika yalijaa kila kona, na soko la kambi ya wakimbizi lilikuwa kubwa kuliko masoko yetu yote. Unga, maharage na mafuta ya kupikia vilikuwa pesa kamili. Ukikatwa nywele, unalipa unga. Fundi baiskeli anapokea maharage. Hata mabondia wa mapambano ya utangulizi waandaaji waliwalipa unga, na wenyewe walifurahi, maana unga haukupoteza thamani mkononi.

Na mabondia walikuwepo, tena wengi. Shida ni kwamba hatukujua nani ni nani. Mtu anakimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, hakimbii na rekodi yake ya ngumi. Anakuja kwako anasema sijawahi kupigana, kumbe alikuwa akijaza ukumbi kwao. Mwingine anakwambia alikuwa bingwa, kumbe alikuwa akiuza tiketi mlangoni. Ukimwamini kila mmoja kwa maneno yake, utazika watu.

Basi mimi nikawa nawasoma kwenye malipo. Namkalisha mtu, namwuliza angependa mgao gani. Ambaye hajawahi kupanda ulingoni atataka mshindi achukue vyote, kwa sababu bado hajui ladha ya kushindwa. Aliyewahi kupigwa atauliza mshindwa anapata nini. Aliyewahi kudhulumiwa atauliza pesa anashika nani. Lakini akija mtu mtulivu, akauliza bandeji na nauli vinakatwa kwenye fungu lake au kwa mwandaaji, huyo usimpeleke kwa mtoto wa mtu. Huyo kapigana mpaka amefika kwenye kuhesabu bandeji.

Upande mwingine, msiamini sana mgao wa nusu kwa nusu. Niliwahi kuwapanga mashemeji wawili wa Nyakisasa, mmoja kamwoa dada wa mwenzake, nikawapa sawa kwa sawa. Siku ya pambano walizungukana weee, wakagusana mabega, wakaombana radhi. Mmoja alipoteleza, mwenzake alimwinua na kumfuta vumbi. Watazamaji wakadai viingilio vyao. Mke wa mmoja, ambaye ndiye dada wa mwingine, alikuwa ameketi mstari wa mbele akiwakodolea macho wote wawili, na mimi nilipomwona tu nikajua hapa hakuna ngumi itakayorushwa. Hadithi hiyo ilinifuata Wilaya nzima ya Biharamulo.

Ilimfikia pia Bwana Ladislaus. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa malori pale Biharamulo, mwenye ghala kubwa la bati, akaamua kuligeuza ukumbi wa ngumi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sifa ya kudai madeni yake bila kuchelewa; ukichelewa, vijana wake walikuja kuchukua mbuzi. Alitaka pambano moja kubwa, Ngara dhidi ya kambi. Upande wa kambi alikuwepo Zakaria, Mrundi wa makamo mwenye sauti ya chini, ndiye yule aliyeniuliza habari za bandeji. Upande wetu, wa kumweka mbele ya mtu wa namna ile alikuwa mmoja tu, Adronis wa Bukiriro.

Adronis alikuwa mpakizi wa malori. Alibeba mifuko ya unga begani kutwa nzima, kilo hamsini kila mfuko, na alikuwa na mikono ya kasi ya ajabu. Nilimfundisha mwenyewe, nikawa naenda kwao, nakula kwao, akaniita baba mdogo. Ngumi alikuwa nazo za kutosha kumsumbua Zakaria. Uzoefu hakuwa nao.

Nilipokwenda Bukiriro kumwomba ruhusa mama yake, nilimkuta anapepeta maharage. Hakuuliza malipo. Hakuuliza mpinzani ni nani. Aliendelea kupepeta mpaka nikadhani hakunisikia, kisha akasema, "Anaondoka hapa na macho mawili. Unirudishie na macho mawili." Nilikuwa nimewahi kumsimulia habari za Hamza, tukicheka mambo ya Mwanza, na yeye hakusahau. Nikamwahidi.

Ndiyo maana niligombana na Ladislaus. Yeye alitaka mshindi achukue mfuko wote. Akanikumbusha mashemeji wa Nyakisasa, akasema nikiwapa sawa watacheza ngoma badala ya ngumi. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikampata kwenye sitini kwa arobaini: mshindi mafungu sitini katika mia, mshindwa arobaini, na pesa zote zishikwe na katekista wa parokia mpaka pambano liishe. Nilitoka pale najipongeza. Pengo la Mzee Kasim nilikuwa nimelipunguza hata mtu angeweza kuliruka. Nilijua sasa Adronis akizidiwa atakubali kusimamishwa, kwa sababu hata akishindwa ana chake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mizani ya kupimia watu hatukuwa nayo. Tulitumia mizani ya kununulia maharage, ile ya kuning'iniza yenye ndoana. Bondia anashika ndoana kwa mikono miwili, anakunja miguu, ananing'inia, na mimi nasoma kilo zake. Siku ya kupima, Adronis akaning'inia, Zakaria akaning'inia, uzito ukakubaliana. Pembeni pale pale kulikuwa na mifuko ya unga ya Ladislaus imepangwa hadi kwenye paa. Nami nikatangaza mgao kwa lugha ya Mzee Kasim, kwa kifupi, kama nilivyotangaza mamia ya mara. Nilisema mfuko ni mmoja, mshindi anachukua sitini, na mshindwa anachukua kilichobaki. Nikawauliza kama wameelewa. Zakaria akaitikia. Adronis akautazama ule mlundo wa mifuko, halafu naye akaitikia. Nikaona ni heshima tu.

Pambano lilikuwa mchana, milango ya ghala imefunguliwa wazi ili mwanga uingie. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari inayogongwa kwa spana. Raundi za mwanzo Adronis aliniringisha. Mikono yake ilitangulia, watu wa Ngara wakaimba jina lake, na Ladislaus akanikonyeza kutoka kwenye kiti chake. Kisha Zakaria akamaliza kumsoma. Akaanza kumwachia apige hewa, anamrudishia moja, moja tu, kila mara mahali pale pale, juu ya jicho la kushoto. Kufika raundi ya tano jicho lilikuwa limefunga.

Tena niliona jambo lililonishangaza. Kila walipokumbatiana, Zakaria alikuwa akimnong'oneza Adronis kitu sikioni. Kihangaza chetu cha Ngara na Kirundi vinasikilizana, Mhangaza na Mrundi hawahitaji mkalimani. Na kila aliponong'onezwa, Adronis alitikisa kichwa na kuzidi kujirusha mbele kwa fujo. Nikapiga kelele aweke mikono juu. Hakusikia. Nikalishika taulo. Akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi, akatikisa kichwa, na mimi nikamwona Hamza mzima mzima amesimama mbele yangu.

Sikuelewa. Hapa pengo ni dogo, pesa zipo kwa katekista, mtu anashikilia nini? Spana ikagonga rimu, akaja akakaa kwenye kigoda. Nikamwagia maji, nikamwambia nasimamisha pambano. Akanikamata mkono kwa glovu zote mbili.

"Usisimamishe, baba mdogo. Watachukua mbuzi za mama."

Nikamwuliza mbuzi za mama zimeingiaje kwenye ngumi.

"Ulisema mwenyewe," akajibu, anahema. "Mfuko ni mmoja. Mfuko una kiro hamsini. Yeye akibeba sitini, mimi kilichobaki ni nini? Si deni la kiro kumi?"

Mtu amebeba mifuko hiyo begani kila siku ya Mungu, haujawahi hata mmoja kuzidi hamsini, halafu nakuja mimi, chini ya mizani ya maharage, mbele ya ukuta wa unga, namwambia mshindi atatoa sitini humo ndani. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa. Aliyeshindwa lazima ajaze kilo kumi zilizopungua, na ambaye hana unga wa Ladislaus hulipa mbuzi. Alikubali kwa sababu aliona aibu kuwa Mngara aliyekimbia pambano kwa kuogopa kilo kumi, na tangu siku ile ya kupima alikuwa akipiga mazoezi ya mtu anayetetea zizi la mama yake. Mgao niliougombania ili aweze kuacha ndio uliokuwa umemfungia mlango.

Nikachutama mbele yake. Nikamweleza polepole, kwa Kihangaza changu kibovu, kwamba mfuko si unga. Ni pesa. Tumezikata mafungu mia, sitini ya mshindi na arobaini ya mshindwa, na zote ziko kwa katekista, yule pale kwenye benchi, hakuna mtu atakayefika kwa mama yako.

Akageuka kulitazama lile benchi, maji yanamtiririka kidevuni.

"Hata nikikaa hapa hapa?"

"Hata ukikaa hapa hapa."

Rimu ikagongwa. Zakaria akatoka kwenye kona yake mpaka katikati ya ulingo, mikono juu. Refa akamwita Adronis. Adronis akabaki amekaa. Refa akamwita tena, naye akamtazama kwa upole, akanyoosha miguu yake mbele, akaegemea kamba nyuma yake, akashusha pumzi ndefu hata mimi niliyechutama niliisikia ikinipita usoni. Ndipo refa akapunga mikono kwamba basi.

Watu wa Ngara wakaguna. Wachache walizomea. Zakaria hakuruka, hakupiga kifua. Alishusha mikono, akaja moja kwa moja kwenye kona yetu, akapiga magoti kwenye mbao, akaweka paji lake la uso juu ya paji la Adronis. Wakaongea kwa muda, kisha nikaona mabega ya Adronis yanacheza. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akanigeukia akaniambia kwamba kule kwenye kukumbatiana, Zakaria alikuwa akimsihi alale chini, ndugu yangu lala, jicho linaharibika. "Na mimi nikasema, ona huyu, anazitaka mbuzi kweli."

Nilicheka mpaka nikashika kamba nisianguke. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetolewa kitanzini. Ladislaus alikuja akiwa amekasirika, anauliza ni pambano gani linaloisha mtu amekaa kwenye kigoda. Nikamwambia ni pambano lililolipwa vizuri. Katekista akahesabu, kila mtu akapewa chake mkononi, na Adronis alishika arobaini yake kwa mikono miwili, akaigeuza geuza, bado haamini kwamba mtu anaweza kushindwa na asidaiwe.

Lakini ahadi yangu kwa mama ilikuwa haijaisha, kwa sababu jicho lilikuwa limevimba na hakuna aliyejua chini ya uvimbe kuna nini. Daktari wa hospitali ya misheni alimwangalia, akasema tusubiri. Nilihamia Bukiriro kusubiri. Mama Adronis hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinikaribisha chakula kwa adabu kama mgeni. Sikula vizuri. Nilikuwa naamka asubuhi na kitu cha kwanza namtazama kijana usoni.

Asubuhi moja uvimbe ukawa umeshuka, kope zimeachana. Mama akamkalisha uani kwenye mwanga, akamziba jicho zima kwa kiganja chake, akachota maharage kwenye ungo na kumwinulia punje moja.

"Hii?"

"Nyekundu."

Akainua nyingine. Adronis akasema ya njano. Akainua nyingine, ile ya madoa, na Adronis akasema ina madoa, mama, na wewe mkono wako una ukoko wa ugali. Mama akaangua kicheko, ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika uani pote. Sisi watatu tukapiga magoti kuyaokota, na mimi nilikuwa naokota huku machozi yananidondoka juu ya maharage ya watu. Mchana ule nilikula sahani mbili.

Tangu hapo sikutamka tena mfuko mbele ya bondia. Na sikuuliza tena mtu kama ameelewa, maana kila mtu huitikia. Namwambia yeye ndiye anieleze, kwa lugha ya mama yake, akishindwa atarudi nyumbani na nini. Kama ni Mrundi aseme kwa Kirundi, kama ni Mzinza kwa Kizinza, na kama sisikii namtafuta wa kunifasiria. Akishindwa kunieleza, sipangi. Nilipoteza mapambano kadhaa kwa ukaidi huo, na waandaaji wakanisema sana. Lakini hakuna aliyewahi tena kubaki ulingoni kwangu kwa kuogopa kukaa. Yule kijana wa simu akirudi, hilo ndilo nitakalomwambia. Kabla hujanionyesha bango, nenda kwa hao wawili, waulize wenyewe.

Adronis sasa ana wajukuu. Hapakii tena malori, analima, na anaona kwa macho yote mawili vizuri kuliko mimi. Ananisomea hata maandishi madogo kwenye chupa za dawa. Zakaria alirudi kwao amani ilipopatikana, na hutuma salamu. Kila baada ya mavuno, Adronis huja Kirushya na baiskeli, amefunga mfuko wa maharage nyuma. Anaushusha kibarazani, anajifuta jasho, anainama kidogo.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekuletea kilichobaki."